Chumba Chenye Langgam

Nilipiga hesabu ya kuishi Manila kwa rozari, na hapo ndipo nilipoanza kukosea. Kila punje ilikuwa na gharama yake: hii ya chumba, hii ya mchele, hii ya nauli, hii ya umeme. Nilipofika kwenye dagaa wakavu sikujua tena kama nasali au najumlisha. Nikamwomba Mama Maria msamaha, nikaanza upya.

Sista Eufrasia alikuwa amenipa mpaka Ijumaa nimjibu. Anasimamia karakana inayoshona mavazi ya mapadri, na alikipenda cheti changu cha ushonaji, nilichokipata kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na saba, katikati ya wasichana walioniita bibi. Mshahara ulikuwa peso elfu kumi na tano kwa mwezi. Elfu tano kati ya hizo lazima ziende kisiwani Bohol kwa mama yangu, anayeishi kwa dawa. Zinazobaki zikinitosha, ningekaa. Zisiponitosha, ningerudi kutia viraka sare za shule mpaka macho yaishe.

Vyumba vilikuwa vinanishinda. Kimoja kilikuwa na bei nzuri sana, mpaka nilipoambiwa kwamba hiyo ni bei ya kitanda cha juu, na cha chini kina mwenyewe.

Alhamisi nikafika kwa Aling Luming, mjane mwenye nyumba ya ghorofa moja nyuma ya soko. Alinipandisha juu, akafungua mlango. Chumba kisafi, dirisha pana.

"Elfu tatu," akasema.

"Elfu tatu? Mtaa huu?"

"Mdogo wangu, mimi ni mtu wa kanisa, sitakuficha. Kuna langgam."

Kwetu Bohol tunasema Kibisaya, na langgam ni ndege. Kitagalogi cha Manila nilijifunza kwenye michezo ya televisheni, ambamo watu wanalia na kuachana kila siku, wala hakuna anayepata nafasi ya kutaja ndege. Moyo wangu ulijaa furaha. Nilikuwa nimeomba chumba tu, na Mungu ameniongezea na nyimbo.

"Nawapenda sana!" nikasema.

Aling Luming akanitazama. "Unawapenda?"

"Tangu utotoni. Nitawawekea makombo dirishani."

"Uwawekee makombo!"

"Si viumbe wa Mungu, Aling Luming? Wanakuja asubuhi?"

"Asubuhi, mchana, usiku. Hawa hawana saa."

"Wengi?"

"Maelfu."

Nilicheka. Watu wa jijini wanapenda kutia chumvi.

"Haya," akasema, "lakini ukiacha sukari wazi, usije ukanililia mimi." Akapokea pesa haraka haraka, kama mganga anayeogopa mgonjwa atapona kabla hajalipa.

Chumba cha elfu tatu kilibadilisha rozari yote. Sasa hesabu ilikaa sawa, kwa sharti moja: ninunue mchele kwa gunia, maana kwa kilo bei inapanda, na kwa kikombe dukani ndiyo kabisa. Nikanunua gunia kwa karibu pesa zote zilizobaki mkononi. Kijana wa sokoni alinisaidia kulipandisha, nikaliegemeza chini ya dirisha. Karibu yake niliweka zawadi niliyomletea Sista kutoka nyumbani, kalamay, ule utamu wetu wa nazi unaofungwa ndani ya kifuu. Kifuu kimoja nikakifungua, nikabandua vipande vidogo, nikavipanga dirishani kwa ajili ya wageni wangu. Kisha nikapiga magoti na kumshukuru Mungu kwa kunijalia akili ya hesabu.

Niliamka najikuna. Mstari mweusi ulitoka kwenye kona ya dari, ukateremka ukutani, ukapita dirishani kwenye karamu niliyoiandaa kwa mikono yangu, ukaingia ndani ya gunia. Nilipofungua gunia, mchele ulikuwa unatembea.

Nilipiga yowe. Aling Luming akapanda ngazi na mwiko mkononi.

"Sisimizi!" nikamwambia, nikionyesha kwa kidole. "Wamejaa!"

"Ndio langgam hao! Si ulisema unawapenda?"

"Kwetu langgam ni ndege!"

Alikaa kitandani kwangu akacheka mpaka machozi. "Na mimi nikasema, Mungu wangu, huyu mwanamke wa Bohol anawafuga! Jana usiku nimekuombea, mdogo wangu. Nilidhani kichwa chako si kizima."

"Nirudishie pesa, Aling Luming."

"Nitakurudishia. Lakini chumba kisicho nao ni elfu tano. Utakiweza?"

Sikukiweza. Niliijua rozari yangu. Na gunia likipotea, hata hiki cha elfu tatu nisingekiweza.

Hakuniachia nafasi ya kulia. Alileta makopo manne ya sadini, akayatia maji, akasimamisha miguu ya stuli ndani yake. "Gunia linakaa juu ya hii. Langgam hawajui kuogelea. Mtaa mzima unaishi hivi, wewe ulidhani tunawezaje?" Kisha akanipa ungo na mikeka, akanituma juu ya paa kuuanika mchele.

Nilipeta, nikatandaza, na jua likafanya kazi yake. Sisimizi walikimbia. Mchele ulikuwa mzima. Nilikuwa bado naukodolea macho kama mama na mtoto aliyepona, nikasikia mabawa.

Walikuja ndege. Shomoro, kundi zima, wakatua katikati ya hesabu yangu na kuanza kula.

"Ondokeni! Tokeni hapa!" Nikavua kilemba nikakipeperusha, nikiruka kutoka mkeka hadi mkeka.

"We Perpetua!" Aling Luming akapaza sauti kutoka chini. "Si viumbe wa Mungu hao?"

Simu ikalia. Sista Eufrasia.

"Vipi, Perpetua, umeamua?"

"Nakuja Jumatatu, Sista," nikasema, bila hata kugusa rozari. Mtu asingehangaika hivi kwa mchele anaotaka kuuacha. "Samahani, nahema. Nafukuza langgam."

"Aa, pole, mwanangu. Pakaza siki pale mstari wao unapopita, wanaichukia."

"Asante, Sista," nikasema, nikamrushia kilemba shomoro mnene aliyekuwa amebaki peke yake mkekani.