Mkaguzi wa Kiota

1.

TANGAZO KWA WAZAZI WA CHEKECHEA (PP2)

Siku ya Ijumaa kila mtoto ataleta kiota cha ndege kilichotengenezwa kwa vifaa vya asili. Plastiki hairuhusiwi. Mtoto atasimama mbele ya darasa na mzazi au mlezi ALIYESHIRIKI KUKITENGENEZA. Kiota cha kununua kitarudishwa.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu

2.

Dukani, Voi, wanawake wawili:

"Kuna mama sokoni anauza viota."

"Wamesema cha kununua kitarudishwa."

"Kwani kiota kina risiti?"

"Na Wakesho atasimama na nani? Mamake ana zamu hotelini hadi Jumapili."

"Si Mwakio yupo."

"Mwakio amekubaliwa na mama. Mtoto bado hajasema kitu."

3.

Mwakio ni mimi. Fundi wa mabomba.

Baba yake Wakesho alifariki kabla mtoto hajajua kutembea. Mimi nimeingia nyumba hii juzi juzi, mvua za vuli zikianza. Ananiita Anko. Tukivuka barabara hanishiki mkono. Anashika mkanda wa mkoba wake.

Sina haraka naye. Lakini nilitaka Ijumaa asimame na mimi. Nilitaka sana.

4.

VIFAA

nyasi mbichi (kavu hukatika)

nyuzi za mkonge

tawi lenye panda

manyoya, ukiyakuta chini. Usimkimbize kuku wa watu

mtoto

5.

Jumatano alasiri Wakesho alilala. Nilikaa kibarazani nikasuka peke yangu: kwanza pete, kisha kuta, kisha mlango ukitazama chini. Kilitoka kizuri.

Kizuri

mno.

Aliamka, akakizunguka, akaingiza kidole mlangoni.

"Hiki ni chako," akasema.

Akaenda kucheza.

6.

Mamake, kwenye simu:

"Ulimwacha alale ukamfanyia kazi yake? Mwakio. Huyo si bomba, uzibe ukaondoke. Kesho anzeni tena. Nyote wawili. Haya, naitwa, kuna wageni wa—"

7.

Wewe unayesoma, ukipata mgunga wenye ndege, simama chini yake na mtoto. Msiongee.

Mnana ni yule ndege mdogo wa manjano. Dume ndiye hujenga. Jike huja, huingia, huvuta unyasi huu, huvuta ule. Asiporidhika huenda zake.

"Amekataa," Wakesho akasema Alhamisi, tukiwa chini ya mgunga.

"Amekataa."

"Sasa?"

"Dume atabomoa. Aanze upya."

"Hatalia?"

"Sijawahi kumwona akilia."

Nilileta kiota changu, nikakiweka mapajani mwake. Alinitazama kwanza. Kisha akavuta unyasi mmoja.

8.

Tulibomoa.

9.

WAKESHO ANASEMA:

Mimi nasuka, Anko anashika. Nikisema shika, anashika. Nikisema achia, anaachia. Alitaka kukaza hapa, nikamwambia usikaze, ndege atapumulia wapi? Akasema sawa. Kimepinda. Mimi nataka kipinde.

10.

Ijumaa.

Viota vilivyopangwa mezani vilifanana kama vimetoka mkono mmoja, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Hakuna kilichorudishwa. Chetu kilikaa upande upande, manyoya matatu yakitokeza mlangoni.

"Hiki umekisuka wewe," Mwalimu Mghoi akasema. "Kinaonekana. Na huyu ni nani?"

Nilijua jibu ambalo ningeweza kulitoa. Nikamwachia Wakesho.

"Ni wa kwetu," Wakesho akasema. "Alikuwa hajui kusuka. Nimemfundisha."

Wazazi wakacheka. Mimi pia.

"Wa kwenu nani? Ni baba, ni mjomba?"

Wakesho alifikiri. Tukamngoja, mimi na darasa zima. Akanishika kidole kimoja, akanivuta hadi mbele ya ubao.

"Bado namwangalia," akamwambia mwalimu.

Kisha, kwangu, bila kuachia kidole:

"Simama hapa."