Kobe Nyumbani kwa Wakwe

Fundi mmoja wa programu alitunga maktaba ya msimbo, yaani msimbo ulio tayari kutumiwa na mafundi wengine, inayosoma kanuni za kutafutia maneno, zinazoandikwa kwa alama kama mabano, na kuzigeuza ziwe za namna nyingine, akaiweka mtandaoni bure. Mtu asiyemjua, aliyejiita Kobe, alikuwa akimletea masahihisho kila mara. Siku moja fundi alichoka, akamjibu, "Nenda kajifunze kwanza."

Wiki hiyohiyo alikwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Mezani palikuwa na kompyuta iliyoachwa wazi. Kwenye skrini akaiona maktaba yake, imefunguliwa kwa jina la Kobe.

Mama mkwe alitoka jikoni akijifuta mikono. "Samahani mwanangu, ngoja niondoe kazi zangu hapo."

"Shikamoo mama." Akaionyesha kompyuta kwa mkono. "Kumbe Kobe ni wewe? Maktaba hiyo ni yangu."

Mama akavuta kiti, akaketi taratibu.

"Basi ni wewe uliyenituma nikajifunze," alisema. "Nilikwenda. Mabano ya kanuni hizo nilikuwa nayasoma vibaya."

Fundi alikosa pa kuuweka uso wake. "Nisamehe mama, sikujua."

Mchumba akaingia na birika la chai. "Mmeshafahamiana?"

"Zamani," mama akajibu.