Mguu wa Gudveig Wapanda Mlimani

Gudveig Haugli alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, jibini ya kahawia ikisubiri zamu yake, mguu wake wa kushoto ulipojitenga naye nyongani. Haukumuuma. Ulitoka kama soksi inavyovuliwa, ukashuka kitini, ukaruka-ruka hadi mlangoni. Pale ukutani ulichukua skii moja tu, ule ubao mwembamba wa kutelezea kwenye theluji. Nyingine uliiacha, kwani haukuwa na tamaa.

"Oddvar," Gudveig alimwambia mumewe, "fungua mlango, kuna anayetoka."

Oddvar alifungua. Nje palikuwa na jua na baridi kavu. Akachukua kipande cha nta nyekundu, akaanza kuipaka skii chini. Mguu ulipiga kisigino sakafuni.

"Baridi yote hii unaupaka nyekundu, ya theluji inayoyeyuka?" Gudveig alisema, mkate mdomoni. "Upe ya bluu."

"Mguu unadeka kama mwenyewe," Oddvar alinung'unika, akapaka ya bluu.

Mguu ukaenda zake mlimani. Gudveig akamimina kahawa.

Goti la mguu huo lilikuwa likimsumbua tangu majira ya baridi yaliyopita. Alikuwa anashuka kutoka ziwani kwa njia ya zamani, ile ambayo mama yake alimfundishia kuteleza, skii yake iliponasa kwenye waya uliofichwa na theluji. Waya huo aliufunga Preben Wessmann, mwenye nyumba kubwa ya mapumziko kule juu, ili watu wasipite mbele ya madirisha yake. Preben alisema mtu mwenye macho hutazama aendako. Daktari alisema goti litapona. Goti lenyewe lilichoma kila alipopanda ngazi, na kila alipojaribu kuvaa skii lilivimba kama andazi. Watu wa bondeni, wakihofia yaliyompata, walianza kuzunguka kwa barabara ya magari. Theluji ikaifunika njia. Preben akawa anawaambia wageni wake kwamba pale hapajawahi kuwa na njia.

Mguu ulirudi kabla ya chakula cha mchana, umelowa, sindano za misonobari zimenasa kwenye soksi. Gudveig aliuvaa, na papo hapo akajua kwamba barafu ya ziwani imeanza kulainika kingoni, na kwamba kware weupe wamelala kwenye vichaka vilevile. Goti liliuma kama kawaida. Alilipaka marhamu ya kafuri, akalikanda taratibu kwa vidole gumba.

"Ahsante," akaliambia. Hakuwa amelifikia ziwa tangu aanguke.

Kuanzia hapo mguu ulitoka kila asubuhi. Jirani yake, Asbjørg, aliuona mstari wa skii moja ukipanda kati ya misonobari, akaufuata. Alirudi uso umeiva.

"Shoga, mguu wako una mbio! Nimehema kama mbwa. Nimefika kwenye waya, naona mstari umekatika huku, umeanzia kule. Umeruka!"

"Na wewe?"

"Mimi nimepita chini, kwa tumbo. Na makalio yangu haya!"

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kesho yake Asbjørg alipanda na dada yake, na baadaye wakapanda wengine. Njia ikaanza kuonekana tena.

Ijumaa Kuu ilifika. Siku hiyo, tangu utotoni, Gudveig alikuwa akila chungwa kando ya ziwa, mgongo wake kwenye jiwe lililopata jua. Safari hii alilitia chungwa ndani ya soksi ya mguu, akalifunga kwa uzi, mguu ukaondoka nalo. Kisha yeye, Oddvar na Asbjørg wakakaa kibarazani, migongo ukutani, nyuso zikilielekea jua. Jua lilipokuwa juu kabisa, mdomo wa Gudveig ulijaa utamu wenye ukali kidogo. Machozi yalimtoka. Oddvar alimpa leso.

"Tamu?"

"Tamu, mume wangu. Tamu sana."

Preben akaja wakati huo, na miwani yake ya jua.

"Gudveig, mguu wako umepita tena mbele ya wageni wangu. Tulikuwa mezani."

"Mguu uliwatukana?" Oddvar aliuliza.

"Utatukanaje, hauna mdomo!"

"Basi una adabu kuliko wengi."

Preben hakucheka. "Sitaki ugomvi na watu wa hapa. Niombe radhi tu, mbele ya hawa. Useme umepita kwenye kiwanja changu. Yaishe."

Asbjørg aliacha kutafuna. "Akiomba radhi, njia imekuwa yako."

Preben aliirekebisha miwani yake.

Mguu ulitokea nyuma yake, maganda ya chungwa yakichungulia kwenye soksi. Ulimpita, ukasimama kibarazani, ukamchuruzia maji kwenye viatu. Gudveig aliuvaa. Aliposimama goti lilimchoma, akashika nguzo, akasubiri maumivu yapungue. Yalipungua kidogo.

"Na waya?" aliuliza.

"Waya unabaki."

"Haya. Utaendelea kurukwa."

"Basi nipe hiyo radhi."

Gudveig aliinama, akalipapasa goti kama mtu anayempapasa farasi aliyemfikisha nyumbani.

"Siombi," alisema.