Bunduki Iliyomkataa Bu Jasim

Mungu alinipa mdomo mrefu kuliko shule yangu. Darasa la saba niliacha, mdomo ukaendelea na masomo. Watu wengi wamewahi kuniomba niufunge, na sikatai, mara nyingine walikuwa na haki. Lakini mwaka huu mdomo huo umefanya kazi ya maana, nami namshukuru aliyenipa.

Mimi ni mpishi nyumbani kwa Bu Jasim, huku Al Wukair, Uarabuni. Jina langu ni Millicent, ila hapa halina kazi. Omondi, dereva wetu, ananiita Mama Stacy kama tunavyoitana kwetu, na mzee mwenyewe ananiita Umm Stacy kama wanavyoitana kwao. Basi binti yangu aliyeko Siaya anatajwa ndani ya nyumba hii kutwa nzima na hajawahi kuikanyaga.

Bu Jasim alipata kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia ukalala. Ilimuuma kuliko alivyosema, maana alikuwa mpiga shabaha. Kila Ijumaa alasiri alikwenda uwanja wa shabaha na wazee wenzake, wakitoboa makaratasi na kubishana nani kazeeka zaidi. Baada ya kiharusi akaketi tu. Hannah, binti wa Eldoret anayekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo, alikuwa akimbembeleza atumie mkono wa kushoto, naye mzee akiufinya mpira wa mazoezi kama mtu anayenunua nyanya asizozitaka.

Mwanawe Jasim, anayeishi The Pearl, mtaa wa wenye nazo, akapata wazo zuri. Akaagiza bunduki ya baba yake itengenezwe upya kwa mtu wa kushoto. Komeo, kile chuma cha kuvuta na kusukuma ili risasi iingie moja moja, likawekwa upande wa kushoto. Mwili wa mbao, kitako na yote, ukachongwa upya kwa kipimo cha bega la mzee. Na chini ikatiwa magazini, kijisanduku cha chuma kinachobeba risasi, ambacho unakichomeka kwa kiganja mpaka kinalia *tak*. Mbao ile ilikuwa inang'aa hata mimi niliona aibu na viatu vyangu.

Ilipoletwa, mzee aliibusu. Ijumaa hiyo alitaka kwenda uwanjani, wenzake walikuwa wameshaambiwa. Siku nzima alikuwa akiimba. Halafu akaketi sebuleni kwake, bunduki tupu juu ya mapaja, akaichukua magazini tupu kwa mkono wa kushoto na kuisukuma.

Haikuingia.

Akasukuma tena. Jasho likamtoka. Nilikuwa nimesimama na birika la chai nikiangalia zulia, maana kuna mambo hutakiwi kuyaangalia usoni.

"Omondi," akaita, "hebu wewe."

Omondi akaichukua, akageuka kidogo kama anayetafuta mwanga, akakohoa kwa nguvu, na katikati ya kikohozi nikasikia kishindo. Akageuka akitabasamu.

"Imeingia, Baba. Laini kama siagi."

Mzee aliitazama kwa muda. Akaomba itolewe, akajaribu tena, ikamkataa. Akampa Omondi, kikohozi, kishindo, siagi. Hapo Bu Jasim akaiweka bunduki kwenye sanduku lake na kulifunga.

"Mwambieni Jasim aiuze," akasema. "Mkono huu nao umekufa. Na yule binti wa mazoezi asije tena."

Jioni hiyo hakuja mezani. Kesho yake aliomba supu ndani ya kikombe, chumbani, apate kunywa bila kuonekana akishika kijiko. Hannah alifika akarudishwa mlangoni. Nilimwona mtu mzima, aliyeendesha nyumba hii na nusu ya mtaa, akijifunga kama duka la mtu aliyefilisika.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hilo halikunipita hivi hivi. Mama yangu alipofariki, huyu mzee ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Dereva wa wakati ule alikuwa amelala. Bu Jasim hakumwamsha. Alitoka na ndara zake za chooni, akabeba begi langu mwenyewe mpaka kwenye foleni, watu wakimshangaa, akasimama nami mpaka nikapewa kiti. Hakunihutubia. Alisema tu, "Mama ni mama." Mtu akikufanyia hivyo, huwezi kumpelekea supu kwenye kikombe ukaenda kulala.

Basi siku ya pili Omondi akaja jikoni kuomba barafu. Nikamtazama kiganja: chekundu, kimevimba kama mandazi.

"Nani kakuuma?"

"Mlango wa gari, Mathe."

"Mlango wa gari una kikohozi?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akafunga mlango wa jikoni.

"Mama Stacy, ile magazini haiingii. Mimi naipiga na kiganja kama napigilia msumari. Kuitoa pia navuta mpaka kucha zinataka kung'oka."

"Na siagi ilitoka wapi?"

"Ningesema nini? Ni zawadi ya mtoto wake! Nimwambie zawadi ya Jasim ni mbovu? Nikaona nimsaidie mzee asiaibike."

"Umemsaidia sana," nikamwambia. "Umemzika bado anapumua."

Kijana wa watu akaketi juu ya gunia la mchele na kushika kichwa. Sikuwa na haja ya kumwongezea. Alikuwa amefanya lile ambalo sisi wote tunaofanya kazi katika nyumba za watu hulifanya kila siku: kulainisha mambo. Na ule ulaini wake ndio uliomwambia mzee kwamba shida ni mkono wake.

Nikapeleka chai chumbani bila kuitwa.

"Baba," nikasema, "nina ombi. Kabla hawajaiuza, nataka kuishika ile bunduki. Nikienda nyumbani nitawaambia nini? Kwamba nilikaa nayo nyumba moja na sikuigusa?"

Alinitazama kwa jicho moja, kama anayelenga. "Umm Stacy, unataka nini?"

"Nimeshasema."

Labda alikuwa amechoka na ukimya. Akafungua sanduku, akavuta komeo kuhakikisha ni tupu, akanipa. Nikachukua magazini nikaisukuma. Haikwenda. Nikakaa chini, nikaibana bunduki kwa magoti, nikasukuma kwa mikono yote miwili, hii iliyokanda unga tangu kabla Omondi hajazaliwa. Mtandio ukanianguka. Nikatoa sauti ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuitoa mbele ya bosi.

"Baba," nikasema kutoka sakafuni, "basi na mimi nina kiharusi. Mikono yote miwili."

Hakucheka. Akaita, "Omondi!"

Omondi akaja akijua anachoitiwa. Mzee akamwambia, "Iingize. Usigeuke. Usikohoe."

Akajaribu mbele yetu, taratibu, kwa adabu. Ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa.

Nilidhani nimemfukuzisha kazi mtoto wa mtu. Bu Jasim alimwangalia Omondi, halafu kile kiganja kilichovimba, halafu mkono wake mwenyewe wa kushoto. Aliugeuza juu chini, kana kwamba umerudi kutoka safari.

"Siagi," akasema. "Mwenye siagi alete gari. Na wewe Umm Stacy, vaa viatu. Umeyaanza mwenyewe."

Fundi wa bunduki anaitwa Irfan, Mpakistani mwenye ndevu za hina, na karakana yake iko upande wa Abu Hamour. Si yeye aliyeijenga bunduki, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuitetea. Alikuwa mtu wa pole pole. Kwanza alilegeza skrubu mbili zinazoshika chuma kwenye mbao, akachomeka magazini. Ikaingia yenyewe. Akazikaza, ikagoma.

"Chuma hakina neno," akasema. "Magazini haina neno. Mbao ndiyo inayokaba, skrubu zikishavuta. Tutafute wapi."

Akafungua droo, akatoa rangi ya mdomo. Nyekundu kabisa.

"Mkeo anajua?" nikamuuliza.

"Ni yake," akajibu bila kuinua macho. "Kila mwaka ananiuliza zinakwenda wapi."

Akaipaka ile magazini mashavu yote manne, akaichomeka kwa nguvu, akaichomoa. Ndani ya mbao, kwenye kona ya mbele, kulibaki doa jekundu kama busu la mtu mwenye haraka. Hapo hapo akakwangua kidogo kwa patasi, akapaka tena, akajaribu, akakwangua. Mzee alivuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kuchongwa.

Mwishowe ikaingia. Nikapiga makofi, lakini Irfan akatia risasi za bandia na kusukuma komeo. Likapita juu bila kuchukua kitu. Kumbe kishikizo kinachoizuia magazini isianguke kilikuwa kikiishika chini mno. Akakitoa, akakaa na tupa akinung'unika, akakirudisha. Sasa komeo likaokota risasi ya kwanza, ya pili, zote, kama kuku anayedonoa mtama.

Akampa mzee.

Bu Jasim akaiweka bunduki mapajani, magazini katika mkono wa kushoto. Akasukuma. Ikaenda nusu, ikasimama upande.

Nisiwafiche: moyo wangu uliacha kazi. Maana mkono ule kweli ulikuwa dhaifu. Bunduki ilikuwa na kosa lake na mkono ulikuwa na wake. Irfan, kwa wema, akanyoosha mkono kumsaidia. Nikamkanyaga mguu. Akanitazama kwa mshangao, nikazidi kukandamiza. Omondi nyuma yangu alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili, nadhani akihofia kikohozi.

Mzee akaichomoa. Akapumua. Akainyoosha, akaielekeza, akasukuma kwa kiganja.

*Tak.*

Akaichomoa, akairudisha. *Tak.* Njia nzima hadi Al Wukair alikuwa akifinya hewa kwa vidole vya kushoto, na tulipofika getini akasema, "Omondi, mpigie Hannah. Mwambie aje na mpira ule mgumu." Kisha akaongeza, polepole, "Na siku nyingine kitu kikikataa, niambie kimekataa."

"Ndiyo, Baba," Omondi akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Usiku huo alikuja mezani. Nilikuwa nimepika machbusi ya samaki, ule wali wao wa viungo, kwa furaha. Akashika kijiko kwa kushoto, akamwaga kidogo, hakujali. Alipomaliza alinitazama.

"Umm Stacy, Mungu akulipe. Uliniambia ukweli, nami nakudai... hapana, wewe ndiye unayenidai ukweli mmoja. Machbusi yako ya samaki si nzuri. Haijawahi kuwa nzuri. Marehemu mke wangu alinikataza nisikwambie."

Nikashika kiuno. "Miaka yote hii ulikuwa unaomba uongezewe!"

"Ili isibaki ya kesho."

Nilikwenda jikoni, nikafunga mlango, nikamshukuru Mungu kwa machozi na kicheko pamoja. Halafu nikarudi na sufuria, nikamwongezea.