Binti wa Saa Saba Mchana

Siku hiyo mtoto hakucheza.

Kidoti aliligundua hilo akiwa amesimama kwenye meza ya pasi, shati la tano mkononi, mvuke ukimpiga usoni. Kwa kawaida pasi ikianza tu kupumua, mtoto naye huanza vurugu zake tumboni, mpaka dobi mwenye duka humtania: "Huyo anakuja kuniomba kazi." Leo kimya. Akaliweka shati, akanywa maji baridi, akajilaza ubavu wa kushoto juu ya furushi la mashuka, kama walivyomfundisha kliniki. Akangoja. Tumbo lilitulia kama mto wa kulalia.

"Labda kalala," dobi alisema.

"Labda."

 Akajaribu kukumbuka: jana asubuhi alicheza, tena sana. Jana jioni je? Jana jioni wateja walikuwa wamejaa, kila mtu anataka nguo zake sasa hivi. Hakukumbuka. Akavua aproni, akaenda kliniki kwa miguu, mkono mmoja chini ya tumbo.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na ilibaki wiki moja tu. Mumewe, fundi bomba, alikuwa ameunda kitanda cha mtoto kwa mbao alizozipiga randa mwenyewe, akakikagua kila kiungio kana kwamba kingevuja. Mama mkwe alikuwa ameshahamia kwao na begi lake. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa alipoamka alijiwasha na hakuzimwa mpaka alale. Kidoti na yeye walipatana, ila kwa mbali kidogo, kama watu wanaopishana kwenye ngazi nyembamba.

Mkunga wa zamu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliweka kile kipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena, chini kidogo, kisha pembeni. Alipokirudisha pale pale alipoanzia, Kidoti alishika ukingo wa kitanda.

"Mbona husemi kitu?"

"Ngoja tumwite daktari, mama."

Daktari alikuja na mashine ya picha. Kidoti aliwahi kuiona ile picha mara mbili kabla, na kila mara palikuwa na kitu kidogo katikati kikipepesa haraka haraka. Safari hii aliona kichwa, akaona uti wa mgongo, lakini pale katikati hapakupepesa kitu. Akajua kabla hajaambiwa.

"Moyo wake haupigi," daktari alisema. "Mtoto amefariki. Pole sana."

Hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ambayo hakuitambua: "Sasa itakuwaje?"

"Tutakuanzishia uchungu. Utamzaa kwa njia ya kawaida."

"Nimzae? Si mnipasue tu mmtoe!"

Mkunga alivuta kiti, akakaa, akamshika mkono. "Kukupasua ni kukupa kidonda cha bure, na miezi mingi ya kukiuguza. Mwili wako unajua kazi hii. Nitakuwa na wewe, siondoki." Na kweli hakuondoka mpaka zamu yake ilipokwisha, na kesho yake alfajiri alikuwa amesharudi.

Fundi bomba alifika na mama yake, yeye akiwa na nguo zake za kazi, suruali imelowa magotini. Alipoambiwa, alisema, "Hapana," kwa upole, kama mtu anayekataa chai. Kisha akatoka nje, akasimama ukutani, na mama yake akamfuata. Kidoti aliwaona dirishani. Redio alikuwa amemshika mwanawe mabegani, na midomo yake haikusogea hata kidogo.

Uchungu wenyewe ulikuja kesho yake asubuhi. Ulianza kiunoni, taratibu, kama mkanda unaokazwa tundu moja moja. Kufikia saa nne ulikuwa unamkunja mpaka paji la uso linagusa godoro. Kidoti alikuwa ameifikiria siku hii mara nyingi. Alikuwa amejiambia maumivu yakizidi atamuwaza mtoto, naye atajikaza. Sasa kila maumivu yalipomvamia, mawazo yalikimbilia kule kule kwenye mazoea, kwa mtoto, yakakuta patupu. Uchungu haukujua kwamba mtoto amekufa. Ulifanya kazi yake vile vile, kwa bidii ile ile.

Chumba cha pili mtoto alilia. Kilio kichanga, chenye hasira. Mkunga aliinuka akafunga mlango, lakini ulikuwa mlango wa mbao nyembamba.

"Ni wa yule dada wa jana mwenye gauni la maua?" Kidoti aliuliza.

"Ndiye."

"Mzima?"

"Mzima."

"Vizuri," Kidoti alisema, na alimaanisha. Halafu akaubana uso kwenye mto, akalia kwa mara ya kwanza, kilio kirefu kilichotoka chini kabisa. Mama mkwe alimsugua kiuno kwa kiganja, mzunguko baada ya mzunguko, saa nzima, bila neno. Kiganja hicho ndicho kilichomvusha.

"Mama, siwezi tena."

"Unaweza, mwanangu. Niminye mkono. Uvunje ukitaka, ninao mwingine."

Mkunga alipomwambia asukume, Kidoti aligoma. Alibana miguu, akatikisa kichwa. Waliokuwepo walidhani ni maumivu, lakini haikuwa hivyo. Maadamu mtoto yumo ndani, yeye alikuwa bado mjamzito, bado mama mtarajiwa. Akimtoa tu, basi.

Mkunga alimwinamia sikioni. "Hata huyu anahitaji mama yake amlete. Hakuna mwingine wa kumleta."

Akasukuma. Akasukuma hadi akaona nyota mchana. Kukawa na moto, kisha mteremko wa ghafla, kisha wepesi. Na baada ya hapo, masikio yake yakasubiri. Alijua hakuna kilio, lakini masikio hayakuelewa, yalisubiri tu.

"Ni binti," mkunga alisema. "Saa saba na dakika kumi mchana." Alitamka vile vile ambavyo angetamka kwa mtoto mwingine yeyote, akaandika kitabuni.

"Mfunikeni," mama mkwe alisema upesi. "Asimwone. Akimwona hatamsahau maisha."

Kidoti aligeuza kichwa. "Kwani mama, nani kakwambia nataka kumsahau?"



Mkunga alimfuta mtoto kwa maji ya uvuguvugu, akamfunga kitambaa, akamweka kifuani kwa mama yake. Alikuwa bado na joto, joto la Kidoti mwenyewe. Nywele nyingi, zimelala kisogoni. Kucha ndefu, za kukatwa. Midomo ilikuwa imekolea rangi kama ya zambarau, na ngozi imeanza kubanduka kidogo mkononi, lakini Kidoti hakuona cha kumtisha. Aliona pua ya babake. Alifunua miguu, akahesabu vidole, vyote kumi, akavifunika tena visipigwe na baridi.

Fundi bomba aliitwa. Alisimama mlangoni kama amekuja nyumba isiyo yake. Kisha akasogea, akanyoosha mkono uliozoea kufungua koki zilizogoma, akagusa unyayo wa mtoto kwa kidole kimoja.

"Samahani," alisema, na hakuna aliyejua anamwomba nani.

Mkunga aliuliza kama wamekuja na nguo. Mama mkwe alikuwa amelisukuma begi la mtoto nyuma ya kiti kwa mguu, lisionekane. Sasa akaliinamia, akatoa sweta la manjano na kofia yake. "Nipeni," alisema. "Nimvalishe mimi."

Alimvalisha polepole, mkono huu, mkono ule, akifunga vifungo vyote. Alipofika kwenye kofia akasita. "Jamani. Kachukua masikio yangu." Yalikuwa makubwa kweli, yamesimama. Kidoti akacheka, kicheko kikayafungulia njia machozi, wakalia wote watatu juu ya masikio yale.

Walimzika jioni ile ile, mume na kaka yake, wakati Kidoti bado hawezi kusimama.

Siku ya tatu, nyumbani, maziwa yalijaa. Hakuna aliyemwonya. Aliamka blauzi imelowa, matiti yamekuwa mawe. Akatazama pembeni ya kitanda chake: patupu. Kitanda cha mtoto hakipo.

"Nimekipeleka kwa kaka," mumewe alisema. "Nilidhani kitakuumiza."

"Kirudishe."

"Lakini mke wangu..."

"Mnamwondoa kana kwamba hakuja! Alikuja. Nimemleta mimi. Kirudishe."

Alikirudisha siku ile ile, akiwa amekibeba kichwani, mbele ya majirani wote. Usiku wakakaa wawili, kila mmoja upande wake wa kitanda kile, wakaanza kumzungumza binti yao, kwa jina walilokuwa wamemchagulia.

Miezi miwili baadaye Kidoti alirudi kwenye meza ya pasi. Dobi alimpokonya furushi zito bila kumtania. Kabla ya saa sita mteja mmoja, mwalimu aliyekuwa safarini muda mrefu, aliingia na mapazia yake, akatabasamu kwa uso wote.

"Naona tumbo limekwisha! Hongera. Umepata nani?"

Dobi akakohoa, akaanza kuja mbio kutoka nyuma. Kidoti akamzuia kwa mkono.

"Nilipata binti," alisema. "Alifariki kabla hajazaliwa."

Mwalimu alisimama na mapazia yake kifuani. Watu wengine, hapa, walikuwa wakisema Mungu atakupa mwingine, au wewe bado kijana. Huyu aliuliza, "Mlimwita nani?"

Kidoti hakuwa amelitamka lile jina nje ya nyumba yao.  Akalitamka, akalirudia, kwa kuwa mara ya kwanza halikusikika vizuri, kisha akapokea mapazia, akaanza kuyahesabu.