Mtoto wa Kuzaa, Ukurasa wa Nne

Tarehe moja Januari 2016 Umwali alitimiza miaka kumi na tisa kwenye karatasi, na siku hiyo hiyo kadi yake ya matibabu ya serikali, ile ya watoto, ikafa. Nasema kwenye karatasi. Alizaliwa mwezi wa nane, tukivuna maharage. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kumwita mkunga. Lakini karani wa kambi ya wakimbizi alikuwa na watu mia tatu kwenye foleni na tarehe moja tu kichwani, ndiyo maana sisi wote tumezaliwa Januari mosi. Hata ndama wa zizi moja hawazaliwi hivyo. Nilimwambia, "Andika mwezi wa nane." Akanijibu, "Mzee, miezi hiyo itakusaidia nini?" Alikuwa na shati la kijani na jino lililovunjika. Sijamsahau.

Umwali ana kifafa. Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na ni miaka mitatu hajaanguka. Bila kadi, duka la dawa halimpi chupa nyingine.

Njia ilikuwepo, waliniambia kazini. Napakia masanduku kwenye ghala hapa Columbus, Marekani, na kampuni ina bima. Mtoto wako anaweza kuingia humo mpaka afike miaka ishirini na sita. Fomu ya kurasa sita, irudi ndani ya siku thelathini. Mimi sikukaa darasani. Kusoma nilijifunza kwenye matangazo yaliyobandikwa kambini, na mpaka leo nasoma kila karatasi kama tangazo la kufukuzwa. Nikafika ukurasa wa nne. Ambatisha cheti cha kuzaliwa. Apa kwamba huyu ni mtoto wako wa kuzaa, au umempata kwa amri ya mahakama. Atakayedanganya atapoteza bima, na kazi pia.

Umwali ni mtoto wa kaka yangu, Kayumba. Waliomuua Kayumba hawakuacha cheti, na mama yake Umwali hakumaliza mwezi baada yake. Kambini nilimwandikisha kuwa binti yangu, wala sikuona kwamba nadanganya. Kwetu mtoto wa ndugu yako ni wako. Hakuna anayekuuliza umempataje.

Nikampigia dada yangu Nyiramahirwe, Louisville. Yeye ndiye aliyembeba Umwali mgongoni tukikimbia vita, na ndiye anayetunza kadi yetu ya kambi, ndani ya Biblia.

"Kadi iko," akasema. "Imeandikwa binti wa Ruhimbika. Sasa wanataka nini tena?"

"Tuma picha."

"Natuma. Lakini usiende kule kupiga kelele, kaka. Nakujua."

Nilipiga kelele. Mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi pale kazini aliitazama picha, akasema kwa upole, "Bwana, hii ni kadi ya mgao wa chakula." Nimewahi kuwapigia kelele wanajeshi wenye bunduki, na wakubwa wa kambi waliokuja na magari meupe, nao walinijibu, wengine kwa fimbo. Huyu mama alinisubiri nimalize, akanipa glasi ya maji. Utampigaje vita mtu asiyekasirika? Akanieleza: kwa wasio na cheti, barua ya kanisa inaweza kusaidia. Barua ikikosekana, kiapo cha mzazi na cha mtoto mwenyewe, kwa kuwa ameshavuka miaka kumi na nane, halafu kamati itaamua.

Mchungaji Ruberwa yuko Buffalo siku hizi, na bado anachanganya Kifaransa. Siku tuliyokimbia kila mtu alishika alichoweza. Yeye alishika daftari la watoto waliobarikiwa kanisani.

"Umwali," nilimsikia akifunua kurasa. "Bon, huyu hapa. Tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Binti wa Kayumba."

"Weka jina langu, mchungaji."

Nikamsikia akiweka daftari chini.

"Ruhimbika, ni wewe ulisimama katikati ya ibada ukamwita katibu mwizi, kwa sababu ya jina moja la uongo kwenye orodha ya mgao wa mahindi kambini. Mke wake alikuwa pale. Watoto wake pia."

"Ni zamani ile."

"Na mimi nina kumbukumbu."

"Mtoto ataanguka barabarani, mchungaji!"

"Naomba kwa ajili yake kila siku. Lakini daftari hili siandiki juu yake. Nitakutumia ukurasa kama ulivyo, donc utafanya utakavyoona."

Nilikata simu kabla sijamtukana.

Ukurasa ulifika kwenye simu ambayo mimi na Umwali tunaitumia pamoja. Aliuona kabla yangu. Ilikuwa siku ya thelathini, saa tisa mchana, na ofisi ilipokea fomu mpaka saa kumi na moja. Nilimkuta mezani, amelikuza jina la Kayumba kwa vidole viwili mpaka likajaa kioo.

"Ndiyo yeye?"

"Ndiyo yeye."

"Sijawahi kuona jina lake limeandikwa." Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alisema Kiswahili. "Baba, nikiapa kwamba ni wewe ulinizaa, yeye anakuwa nani?"

Mimi, ambaye watu wa foleni tatu za maji walikuwa wakinisukuma mbele nikawasemee, nilitazama fomu. Nilianza habari ya karani mwenye shati la kijani. Umwali akasema, "Ulishanieleza, baba."

Akachukua kalamu, akatia sahihi taratibu, kama mwanafunzi, akanisukumia. "Zamu yako."

Nikatia. Tukapiga picha kurasa zote sita pamoja na kadi ya kambi, tukatuma. Ule ukurasa wa Buffalo hatukuutuma. Kioo kikajibu mara moja: tumepokea, kamati itatoa uamuzi ndani ya siku thelathini.

Umwali alimimina chupa mezani. Vidonge kumi na kimoja. Akaenda jikoni, akarudi na kisu kidogo cha matunda, akaweka kidonge kimoja juu ya kisahani na kulenga katikati. Daktari alishatuambia dawa hiyo haipunguzwi hivi hivi. Nilijua, naye alijua.

Meza yetu ina mguu mbovu. Nikaishika kwa mikono miwili, isitikisike.