Mama Saif Hayupo Kwenye Orodha

Kiti kiligusa sakafu mara moja, ko, kisha kimya. Nikajua Joyceline ameamka. Mjukuu wangu huyu hakokoti kiti alfajiri. Hukinyanyua kwa mikono miwili na kukitua taratibu ili nisishtuke. Sijawahi kumwambia kwamba saa kumi huwa niko macho tayari.

Niliwasha jiko la gesi, nikabandika chai, nikaenda sebuleni. Alikuwa ameinamia laptopu yake, vidole vimeshika kichwa.

"Shikamoo Bibi. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Hujaniamsha. Mbona umejikunja kama unaumwa tumbo, mke mwenzangu?"

"Programu ya zahanati imegoma."

Programu hiyo aliitengeneza yeye mwenyewe mwaka jana, kwa zahanati ya macho iliyo mitaa miwili tu kutoka kwetu Mtaa wa Sikukuu. Kazi yake ni kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu. Mara mbili kwa mwaka madaktari bingwa hufika pale, kwa siku moja, kutoa mtoto wa jicho. Safari hii walikuwa wanafika kesho yake, na kila mgonjwa aliyekuwa akisubiri alitakiwa apate ujumbe kabla ya saa tatu asubuhi hiyo. Asiyepata ujumbe hatakuja. Asiyekuja atasubiri miezi sita.

"Majina yote yako kwenye kanzidata," alisema Joyceline. Hiyo ni kama ghala la majina, ndivyo alivyonieleza zamani. "Kanzidata yenyewe iko kwenye mashine pale zahanati. Programu inaiita, haiitikii. Nimeangalia neno la siri, liko sawa. Nimeangalia mtandao, upo."

"Labda imehama," nilisema, maana mimi mtu asipoitika ndivyo ninavyowaza.

Alicheka. "Mashine haihami, Bibi."

Saa kumi na mbili na nusu Mboni, muuguzi anayeandikisha wagonjwa, akawa amefika kazini. Joyceline akampigia na kuweka sauti ya juu nami nisikie.

"Dada Mboni, mambo? Mashine imewaka?"

"Poa. Imewaka, taa ya kijani hii hapa."

"Nani kaigusa?"

"Hakuna aliyeigusa. Tumeihamisha tu chumba cha pili, huku paa linavuja. Na fundi akatuwekea kile kiboksi kipya cha intaneti."

Joyceline alinitazama. Mimi nikatazama chai yangu.

Ikawa kweli imehama. Kiboksi kipya kilikuwa kimeipa mashine anwani nyingine, na programu ilikuwa bado inabisha kule kwa zamani. Mboni akasoma namba mpya kwenye kioo, tarakimu moja moja, bila haraka, akarudia mara tatu ingawa foleni mlangoni ilishaanza kumpigia kelele. Joyceline akaziandika, akabonyeza. Majina yakashuka kwenye kioo kama mchele unaomiminwa.

"Imekubali! Arobaini na moja!"

"Arobaini na mbili," Mboni alisema kwenye simu. "Daftari langu linasema arobaini na mbili."

"Rudia kuhesabu, dada."

"Nimehesabu jana mara mbili, we mtoto. Sina mtoto wa jicho mimi."

Ilikuwa saa moja na robo. Joyceline alitaka atume kwanza hao arobaini na moja, na huyo mmoja amtafute baadaye. Nikamwomba anisomee majina. Mimi kompyuta siijui, lakini watu wa Kariakoo nawajua. Miaka thelathini nimeuza ndizi hapa.

Akasoma. Nikasikiliza mpaka mwisho.

"Mama Saif hujamtaja."

"Mama Saif gani?"

"Wa Mtaa wa Pemba. Siku ya kujiandikisha tulikaa benchi moja. Mimi nilikwenda kwa ajili ya miwani, yeye wakamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Joto lilikuwa kali, akanipepea kwa ukili wake wa kushonea mkeka mpaka nikaitwa. Ananipepea, mwenyewe hanioni."

Joyceline akatafuta. Hakuna Mama Saif. Akatafuta kwa namba ya simu niliyokuwa nayo. Akatokea mtu mmoja: Saif, miaka arobaini na sita, amepewa miwani, amemaliza matibabu.

"Huyo ni mwanawe," nikasema. "Simu ni moja, anayo Saif."

Joyceline akaiacha programu yake pembeni, akafungua kanzidata yenyewe na kuisoma ilivyo, mstari kwa mstari. Akagusa mstari mmoja kwa kidole.

"Bibi, yupo. Kwenye kanzidata yupo: Mama Saif, miaka sabini na moja, anasubiri upasuaji. Kwenye programu ndiyo hayupo."

"Anapotelea wapi sasa?"

"Njiani. Programu inachukua kila mstari inaufanya mtu. Pale inapoufanya mtu ndipo anapotea."

Alipekua muda mrefu. Halafu nikaona mabega yake yanashuka. Akanionyesha sehemu fupi tu ya maandishi. Ilikuwa sheria aliyoiweka ili majina yawe safi: programu ikikuta Bwana, Mzee, Daktari au Mama mbele ya jina, iliondoe neno hilo. Na ikikuta watu wawili wenye jina moja na simu moja, iwahesabu kuwa mtu mmoja.

"Mzee Wilbert ukimvua neno Mzee, anabaki Wilbert," nilisema. "Mama Saif ukimvua neno Mama, anayebaki si yeye. Ni mwanawe."

"Niliandika mimi, Bibi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeandika mimi mwenyewe. Na mimi kila siku nakusikia unaitwa Mama Allan."

"Kunywa chai."

"Angekosa macho kwa sababu yangu."

"Hajakosa. Saa mbili bado. Kunywa chai, halafu mrudishie Mama wake."

Mboni, ambaye tulikuwa tumemsahau kwenye simu, akaanza kucheka. "Ndiyo maana Mama Hussam alikuja kunigombeza mwezi uliopita! Eti tumemtumia ujumbe, 'Ndugu Hussam, macho yako.' Mwanawe ana miaka minne!"

Joyceline akacheka na machozi yake. Akaliondoa neno Mama kwenye ile sheria, akaamuru mtu atambuliwe kwa namba yake ya kadi, isiwe jina wala simu. Akabonyeza tena. Arobaini na wawili. Saa mbili na dakika kumi ujumbe ukaondoka kwa wote.

Lakini simu ya Saif ilikuwa imezimwa. Saif anafanya kazi bandarini, na akiwa zamu hawaruhusiwi simu. Nikajifunga khanga nikaenda mwenyewe. Kijana mmoja wa mkokoteni alinisimamishia mzigo wake nivuke, magunia yote yale, akaniambia, "Pita mama, taratibu."

"Hodi!"

"Karibu! Nani? Sauti ya Mama Allan hiyo!"

"Ndiye. Kesho unatolewa mtoto wa jicho. Saa moja asubuhi uwe pale."

Alikaa kitandani ghafla. Alishaacha kusubiri, aliniambia. Alidhani wamemwona mzee mno, wakamwacha.

"Mboni anataka jina lako kamili, la kwenye karatasi ya daktari," nikasema. Kisha nikaona aibu. "Nami silijui."

"Miaka yote hiyo! Mimi Zeina, Zeina binti Hafidhi. Na wewe je?"

"Candida."

"Kandida? Jina kama la sabuni!"

"Afadhali sabuni."

Tukacheka mpaka mkwewe akaja kuchungulia.

Kesho yake alipasuliwa jicho la kulia. Joyceline aliomba ruhusa kazini, akamshika mkono kutoka benchi mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Hakumwambia habari za ile sheria. Mimi nilimwambia baadaye, naye akasema basi mtoto ana bahati, kosa lake lina dawa.

Siku iliyofuata bandeji ilitolewa, nikaenda na Joyceline jioni kumtazama. Alikuwa barazani, miwani myeusi usoni. Akaivua kidogo. Akanitazama, akakunja uso.

"Kandida, mbona umechakaa hivi?"

"Nilichakaa zamani. Wewe ndiye umechelewa kuona."

Akamgeukia Joyceline, akamshika kidevu, akamtazama sana. Mtoto wa watu akaangalia chini. "Mzuri," akasema hatimaye. "Niliambiwa mzuri, sikuambiwa hivi."

Tulipoinuka kuaga, hakuachia mkono wangu.

"Jicho la pili ni miezi sita," alisema. "Usiningojee mpaka nipasuliwe tena. Uje Alhamisi, Kandida. Uje mapema, na huyu uje naye."